Tupeane uzoefu: mataa yanayopisha mabasi

Mleta mada: Wakuu, mliowahi kuendesha, kupanda au kufanya kazi kwenye njia ambazo mataa yanapisha mabasi, tusimulieni. Mimi ni abiria wa kila siku. Jana basi letu, watu wamesimama hadi mlangoni, lilikutana na nyekundu mara saba. Ubavuni kuna gari dogo, mtu mmoja ndani, na tunasubiri sawasawa. Inaniuma sana.

Mchangiaji wa 2 (dereva): Njia yetu ilifungwa mfumo huo. Basi likikaribia makutano, taa inapata taarifa. Kijani ikiwa inaisha, inashikiliwa sekunde chache upite; ikiwa nyekundu, inakatwa mapema. Muda wa wavukao kwa miguu hauguswi.

Ila mwanzoni tuliumia, maana kituo kilikuwa kabla ya mataa. Kijani inanisubiri, mimi bado napakia: mama anapandisha kigari cha mtoto, gurudumu la mbele limenasa kwenye ngazi, abiria wawili wanainama kumsaidia. Nafunga mlango, nyekundu hiyo! Walipohamishia kituo ng'ambo ya makutano ndipo tukaonja faida.

Mchangiaji wa 3: Sisi wa barabara ya kando je? Foleni yetu inarefuka.

Mchangiaji wa 4 (fundi wa mataa): Swali la haki. Sekunde mlizokatwa mnaweza kurudishiwa mzunguko unaofuata, fundi akipanga vizuri. Sisi tulikwenda mbali zaidi, tukawa tunapisha basi lililochelewa tu. Lililo ndani ya muda ukilisukuma, linamfikia mwenzake wa mbele, halafu nyuma abiria wanakaa kituoni muda mrefu kisha mabasi mawili yanatokea kwa mpigo. Na pasipo njia ya mabasi pekee, basi likikwama mkiani mwa foleni, taa haina cha kulisaidia.

Zürich, jiji la Uswisi, ni mfano ninaoupenda. Mwaka 1973 wapigakura walikataa treni ya chini ya ardhi, na 1977 wakaidhinisha fedha za kuharakisha tramu (treni za barabarani) na mabasi juu ya ardhi, mataa yakiwemo.

Mchangiaji wa 2: Mleta mada, vituo vyenu viko upande gani wa mataa?

Mleta mada: Leo nimekaa dirishani nikahesabu. Kwenye yale mataa saba, vituo vitano viko kabla ya taa. Kimoja, dereva alifunga mlango na kijani ikazimika papo hapo. Namba za makutano nimeziandika, kesho nazipeleka kwa wahusika.