Usugu wa dawa: tuanze kulibana duka la dawa au wodi?

Kila mwaka, katika wiki ya tarehe 18 hadi 24 Novemba ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, lawama hapa Dar es Salaam humwangukia mtu yule yule: muuza dawa wa Mbagala au Buguruni anayemkatia mteja vidonge vinne vya amoksilini bila cheti cha daktari. Hoja inayorudiwa ni kwamba maduka hayo yakibanwa na kufungiwa, tatizo litapungua. Mimi natofautiana nayo. Fedha ya kwanza na ukali wa kwanza viende wodini, na kila hospitali ya mkoa huu ilazimishwe kupima na kutangaza maambukizi ambayo wagonjwa wake wameyapata wakiwa wamelazwa.

Sikatai kwamba dozi isiyokamilika ni hatari. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alilionya jambo hilo tangu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Lakini Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliruhusiwa na serikali yenyewe kuuza baadhi ya antibayotiki kwa sababu watu walikuwa hawana pengine pa kuzipata.

Wodini hali ni nzito zaidi. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini, ilhali katika nchi tajiri ni 7. Utafiti uliofanywa Muhimbili kwa watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002 ulionyesha maana yake kwetu: miongoni mwa waliokuwa na bakteria wa gramu hasi (kundi moja kubwa la bakteria) kwenye damu, wale ambao bakteria wao walitengeneza vimeng'enya vinavyovunja dawa za kundi la seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, walikufa kwa asilimia 71, na wale wasio na vimeng'enya hivyo kwa asilimia 39. Vinasaba vya vimeng'enya hivyo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti, na bakteria wenyewe huhamia kitanda cha pili kwa mikono yetu, kwa mpira wa mkojo na kwa kanula, yaani mrija wa dripu kwenye mshipa, iliyokaa kupita muda wake.

Nilipomuuguza mama yangu mdogo katika wodi moja ya hapa mjini, muuguzi aliyekuwa peke yake usiku ule alisafisha kidonda cha mgonjwa wa jirani kisha akaja kugusa dripu yetu na glovu zile zile. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu boksi lilikuwa limebakiwa na glovu chache, bomba la sinki halikutoa maji, na chupa ya kitakasa mikono ukutani ilikuwa tupu. Ripoti niliyoitaja inasema usafi wa mikono pamoja na hatua nyingine za gharama nafuu huweza kuzuia asilimia 70 ya maambukizi haya.

Wapo wanaosema kutangaza takwimu kutawatisha wagonjwa, na kwamba hospitali inayopima kwa uaminifu itaonekana mbaya kuliko isiyopima. Hofu hiyo ina uzito, ndiyo maana napendekeza kosa liwe kutokupima, wala si kuwa na idadi kubwa. Bila maabara ya kuotesha vijidudu daktari hukisia tu. Naye akikisia huanza na seftriaksoni, na mgonjwa hubaki nayo siku nyingi kwa kuwa hakuna majibu ya kumruhusu daktari aibadilishe au aisitishe. Hayo nayo ni matumizi holela, ingawa yana muhuri wa hospitali.

Wanaotaka maduka yafungwe kwanza naomba wanijibu hili: mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji akipata bakteria sugu aina ya Klebsiella siku ya tatu akiwa bado wodini, kabla hajameza kidonge chochote, kufunga duka gani kungemkinga?