Paka ameniuma kwa daktari wa wanyama, bima imekataa sindano. Nifanyeje, na nitamrudishaje?

BiKibokoni

Hamjambo wenzangu wa Mombasa. Nina mambo mawili yameshikana, naomba msaada wa aliyewahi kuyapitia.

Nina paka dume mweupe, jina lake Dafu. Nyumbani hapa Kibokoni hana neno na mtu. Hulala juu ya leso za mamangu, watoto wa jirani humbeba watakavyo. Lakini mtie kapuni umtoe mlangoni, hapo humjui tena.

Wiki iliyopita alianza kwenda kwenye mchanga wake kila mara. Achuchumaa, alia, na hakitoki kitu ila matone yenye rangi ya damu. Nikampigia daktari wa wanyama aliye upande wa Nyali, akaniambia mlete sasa hivi, usingoje kesho. Nikamtia kwenye kapu la ukindu lenye kifuniko, nikalifunga kwa leso, tukapanda tuktuk. Daraja la Nyali lilikuwa limejaa, honi kila upande, naye mle ndani mayowe matupu. Kufika kliniki, pale pa kungojea pana mbwa mkubwa abweka. Kifuniko kilipofunguliwa tu Dafu akaruka, nami nikamdaka asije akatokea barabarani. Akaniuma chini ya kidole gumba. Meno yalizama yakaacha vitundu viwili, na kucha zikanichana mkono mpaka karibu na kiwiko.

Yule daktari Mungu ambariki. Alimlaza kwa dawa, akamtia mpira wa mkojo, akakaa naye mpaka njia ikafunguka. Sasa Dafu yuko nyumbani anakojoa vizuri. Nimeambiwa nimrudishe akaangaliwe, na akishapata nguvu achanjwe kichaa cha mbwa, kwa kuwa chanjo yake ya mwaka jana imemaliza muda mwezi huu.

Sasa upande wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya binafsi. Kila mwezi nakatwa ile asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali, na juu yake kazini tuna bima ya kampuni ambayo tunaichangia wenyewe. Nilikwenda hospitali iliyo kwenye orodha yao, mkono umeshavimba. Daktari akaandika antibaiotiki, sindano ya pepopunda na sindano za kichaa cha mbwa. Nikaweka kidole kwenye mashine, nikakaa benchi, nikakaa weee. Msichana wa mapokezi akaniita: "Mwalimu, dawa na pepopunda zimepita. Hizi za kichaa cha mbwa wamekataa, wanasema chanjo haimo kwenye kava."

Nikapiga simu kwenye kampuni. Mmoja akaniambia chanjo ni kinga, na kinga wanalipia za watoto wachanga tu. Mwingine akataka barua ya daktari wa wanyama inayothibitisha kwamba paka ana kichaa. Jamani, mpaka paka athibitishwe ana kichaa, mimi nitakuwa katika hali gani? Mwingine tena akasema atanipigia, na mpaka leo simu haijalia. Sindano ya kwanza nimeilipa mwenyewe shilingi 2,000 kwa M-Pesa, na zilizobaki zaningoja. Nimechangia bima hii tangu nilipoajiriwa, na siku niliyoihitaji ndiyo siku iliyonifungia mlango.

Kisha kuna mamangu. Ana sukari, kidonda kwake si jambo dogo, na ndiye anayeshinda na Dafu mchana. Amesema hamgusi tena, nimpeleke soko la samaki akaishi na wenzake. Namwelewa mamangu. Lakini siwezi kumtupa mnyama ambaye juzi tu alikuwa anakufa.

Kwa hivyo nauliza: bima naishika wapi? Na Dafu nitamfikishaje tena kwa daktari bila mtu kuumia?

Muuguzi_Likoni

Pole sana mwalimu. Nianze na mkono wako, bima baadaye.

Usiache sindano kwa sababu ya ubishi wa malipo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Ratiba huhesabiwa kutoka siku ya kwanza, ambayo huitwa siku ya 0, kisha ya 3, ya 7, ya 14, na hospitali nyingine huongeza ya 28. Ulizia pia Makadara, hospitali kuu ya Pwani, kabla hujalipa tena kwa binafsi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Jeraha lililotoboa ngozi ni daraja la tatu, lile la hatari zaidi, kwa hesabu ya WHO, na mtu ambaye hajawahi kuchanjwa hupaswa kupewa pia immunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Kama hukupewa, muulize daktari wako leo, maana baada ya siku 7 tangu sindano ya kwanza haitolewi tena.

Dafu naye mwangalieni kwa siku 10 tangu alipokuuma. Paka au mbwa akizimaliza siku hizo yuko hai na mzima, daktari wako anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Aamue yeye, usiamue wewe. Ila hiyo ni sababu nyingine ya kutompeleka soko la samaki: ukimpoteza machoni, huna tena la kumwambia daktari.

Na kwa wote wanaosoma: ukiumwa, kwanza kabisa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Si kitunguu, si mafuta ya taa, si kuwahi tuktuk. Jino la paka ni jembamba, linaingia ndani, na juu ngozi hujifunga upesi huku vijidudu vimebaki chini. Ndiyo maana mkono huvimba hivyo. Ukiona mstari mwekundu unapanda kwenye mkono, au kidole gumba hakikunjiki, rudi hospitali usiku huohuo.

Jamaa_wa_Ganjoni

Paka ni paka. Mpeleke sokoni, atapata vichwa vya samaki, atasahau.

MzeeWaMadai

Mwanangu wa Ganjoni, dume aliyewahi kuziba mkojo huweza kuziba tena. Sokoni nani atamwona anachuchumaa? Atakufa kwa siku mbili tatu, tena kwa maumivu makali. Tumwache mwalimu na paka wake.

Mwalimu, mimi nimefanya kazi ya madai ya bima miaka mingi kabla sijastaafu. Kwa jinsi ulivyoeleza, nahisi tatizo lilianza kwenye fomu. Hospitali hujaza namba za kimataifa za magonjwa, zile za ICD-10. Karani akiandika Z24.2 peke yake, maana yake ni mtu aliyekuja kuchanjwa kichaa cha mbwa, sawa na anayejikinga kabla ya safari. Anayekagua anaona chanjo, anakata. Hajui kama kuna mkono umevimba.

Rudi kwa daktari aliyekuona, si kwa mapokezi, umwombe aandike upya: S61, jeraha la wazi la kiganja au kifundo cha mkono, W55, kuumwa na mnyama asiye mbwa, na Z20.3, kukaribiana na kichaa cha mbwa. Aongeze barua fupi inayosema sindano hizi ni matibabu baada ya kuumwa, na zilianza siku gani. Hapo hadithi inakuwa moja: ajali, jeraha, matibabu. Pepopunda ilipita kwa njia hiyohiyo, nayo pia ni chanjo. Wakumbushe hilo kwa maandishi.

Na acha kupiga simu. Simu haina ushahidi. Andika barua pepe, uwaombe wakutajie kifungu cha mkataba kinachokataa. Nakala mpelekee mhusika wa bima hapo shuleni na wakala aliyewauzia, kwa sababu wakala anataka mkataba wa mwaka ujao na kampuni inamsikiliza kuliko wewe. Wakikaa kimya, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, inapokea malalamiko ya wateja. Weka risiti zote, hata ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Ile barua ya kuthibitisha paka ana kichaa usihangaike nayo. Uthibitisho kamili wa ugonjwa huo hupatikana kwa kupima ubongo wa mnyama aliyekwisha kufa. Aliyekuomba hakujua anachoomba, na hilo pia liandike kwenye barua yako, kwa adabu.

MamaPaka_Bamburi

Shoga, hapo kwa kapu niachie mimi. Nina jike ambaye madaktari wawili walikuwa wanajificha wakisikia anakuja.

Kapu la ukindu liweke kando. Tafuta kizimba cha plastiki ambacho nusu ya juu inafunguka. Kiweke sebuleni sasa hivi, mlango wazi, na kisiondoke hapo. Ndani tandika leso ya mamako aliyoilalia, isiyofuliwa. Chakula chake mpe humohumo. Siku za mwanzo atakizunguka tu akikinusa. Mwache. Ukimwona amelala ndani peke yake ujue kazi imekwisha nusu. Kule kliniki, mwambie daktari atoe nusu ya juu amwangalie akiwa bado amekaa kwenye leso yake, bila kumvuta. Taulo nene liwe karibu, na mikono ya kumfunika nalo iwe ya wahudumu, wewe na kidonda chako kaa nyuma.

Halafu mpigie daktari umuulize kuhusu gabapentini. Hupewa paka nyumbani saa mbili hivi kabla ya kutoka, humtuliza, wengi husinzia kabisa. Kipimo atoe yeye baada ya kujua uzito na hali ya figo zake, hasa kwa paka aliyetoka kuziba. Usichukue vidonge vya mtu ukakadiria. Na Panadol usimpe hata chembe, paka huuawa na Panadol.

Omba nafasi ya kwanza asubuhi kabla ya joto na kabla ya foleni ya daraja. Kizimba kifunike leso pande zote asione nje, kiweke chini kati ya miguu yako, si mapajani. Mkifika bakieni ndani ya tuktuk mpaka muitwe. Mlipe dereva angoje, hiyo pesa haipotei.

Au mwombe daktari aje nyumbani. Wapo wanaokuja mpaka Mji wa Kale, ila kama humjui, muulize usajili wake wa Kenya Veterinary Board. Mfungie Dafu chumba kimoja mapema, kitanda kiinuliwe asipate pa kujichimbia.

BiKibokoni

Nimewasoma wote, na barua ya mzee nimemsomea mamangu kwa sauti.

Leo nimeonana na daktari wa hospitali. Kweli kwenye fomu palikuwa na ile Z24.2 peke yake. Ameandika upya na kutia barua, na immunoglobulini nimepata, asante sana dada wa Likoni, bado nilikuwa ndani ya siku. Nayo nimeilipa mwenyewe. Bima nimewaandikia, nakala kwa shule na kwa wakala. Wakala amejibu ndani ya saa moja, kampuni bado. Wasipojibu kufikia Ijumaa naandika IRA, sitaliacha hili, kwa sababu walimu wenzangu wana kava hiihii na wengine wana watoto wanaocheza na mbwa wa mitaani.

Daktari wa Dafu amekubali kumpa dawa ya kumtuliza, ila kuja nyumbani hawezi mwezi huu. Mamangu amesema Dafu akae, kwa sharti kizimba kiwe tayari kabla ya siku ya kumpeleka. Nimezunguka Marikiti na Mwembe Tayari, vilivyopo ni vya kufungulia mlango wa mbele tu. Kuna mwenye cha kufunguka juu aniazime?

MamaPaka_Bamburi

Ninacho. Nitakuwa Kongowea kesho asubuhi kununua mboga, nitumie ujumbe nikuletee. Nitakupa na leso iliyomo ndani, ila uifue kwanza, ina harufu ya jike wangu na Dafu hataingia.