Tupeane uzoefu: Fondanti inapogoma kwenye keki ya bethidei, sisi wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Mama wa Nyegezi (mwanzisha uzi)

Wadau wa keki, habari za kwenu. Kila mvua za vuli zinapoanza napata maswali yale yale kutoka kwa majirani wanaooka nyumbani: fondanti, ile ngozi ya sukari tunayoivalisha keki, inatoka jasho, inapasuka pembeni, imevimba puto, imechanika wakati wa kuivalisha. Video tunazojifunzia nyingi zimerekodiwa kwenye vyumba vya kiyoyozi, kwenye hewa kavu. Sisi hewa yetu ina maji ya ziwa, nyumba nyingi zina bati juu, na umeme hauna ahadi. Naomba kila mtu aweke kilichotokea kwenye meza yake mwenyewe: chini ulipaka nini, hali ya hewa ilikuwaje, na dawa gani ilifanya kazi kweli.

Naanza na jasho, maana ndilo linalowatoa watu machozi. Keki ya mwanangu niliivalisha jioni, ikapendeza, nikaiweka kwenye friji ilale. Asubuhi nimeitoa, haikupita muda uso wote ukajaa matone na rangi ya maua ikaanza kutiririka. Kilichotokea ni kile kinachotokea kwa chupa ya soda ya baridi ukiiweka mezani: hewa yenye unyevu ikigusa kitu cha baridi inaacha maji. Tofauti ni kwamba fondanti ni sukari, na sukari inayanywa yale maji, inalainika na kuanza kunata.

Likikukuta, usiguse. Usifute kwa kitambaa wala tishu, alama hazitoki. Iache mezani, washa feni kwa mbali ipitishe hewa bila kuipuliza usoni, matone yatakauka yenyewe. Keki itabaki inang'aa kidogo na hakuna mgeni atakayejua. Kama lazima ilale kwenye friji, iweke ndani ya boksi la karatasi nene, ulifunge vizuri, na ukiitoa usifungue boksi mpaka keki ipoteze baridi yote. Maji yatatua kwenye boksi badala ya keki.

Ila mimi sasa sivalishi fondanti keki inayodai friji. Krimu ya maziwa, kastadi, matunda mabichi katikati, vyote hivyo mteja akivitaka namwambia tufanye keki ya krimu ya kawaida. Keki ya siagi yenye ganashi nje (chokoleti iliyochanganywa na krimu) inakaa mezani siku mbili bila shida. Karibuni.

Fundi Keki wa Kirumba

Mama shikamoo. Asante kwa uzi, ulikuwa unahitajika.

Mimi nina la chini ya fondanti, kwa sababu naamini matatizo mengi tunayoisingizia fondanti yanaanzia kwenye kilichopakwa chini yake. Siagi huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35, na inaanza kulegea mapema kabla ya hapo. Mwanza mchana nje tunacheza na 28 au 29, lakini ingia kwenye jiko lenye bati na oveni imewaka uone. Krimu ya siagi ikilegea, fondanti ni nzito, inashuka nayo. Ndipo unaona keki imeota tumbo kwa chini na juu imebonyea.

Nilihamia kwenye ganashi na sijarudi nyuma. Chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa krimu sehemu moja kwa uzito: gramu 600 za chokoleti, gramu 300 za krimu. Ikiwa ni chokoleti nyeupe, iwe sehemu tatu kwa moja, maana nyeupe ni laini zaidi. Pasha krimu mpaka ianze kuchemka, mwagia chokoleti iliyokatwakatwa, iache dakika chache, koroga, iache ilale usiku mzima iwe nzito ya kupakika. Ukipaka, iache igande kabisa kabla ya kuvalisha. Mwamba wa Isamilo haushindi ule ugumu, na kona zinabaki kali.

Najua chokoleti ni ghali. Kwa keki ya bei ya chini nachanganya siagi nusu na mafuta meupe yanayoganda nusu, na napaka tabaka jembamba sana. Tabaka nene ndilo linaloteleza.

Jambo la pili: keki mpya hukaa chini kadiri saa zinavyokwenda. Ukishapanga matabaka na kujaza katikati, weka bodi juu yake na kitu chenye uzito kiasi, iache usiku. Kitakachokamuka pembeni unakikwangua asubuhi, halafu ndiyo unapaka ganashi. Ukivalisha siku ile ile uliyooka, itakaa chini ikiwa tayari imevaa na mkanda utatokeza katikati.

Mama wa Igoma

Marahaba wanangu wote mtakaonisalimia. Mimi ni wa kupasuka.

Zile nyufa ndogondogo kwenye kona ya juu, ngozi ikawa kama imezeeka, ni ukavu. Sisi tuliozoea chapati tunanyunyiza unga kwa mkono mpana, kwenye fondanti haifai. Kila sukari ya aisingi (ile ya unga laini) unayoongeza wakati wa kusukuma inaikausha. Mimi natumia kornfloo kidogo sana, ule wanga mweupe laini, siyo sembe, naufunga kwenye kitambaa chepesi nagonga tu juu ya meza. Ikiwa fondanti ilishakuwa kavu, kanda na kijiko cha chai cha mafuta meupe mpaka ivutike bila kukatika. Matone machache ya gliserini ya chakula nayo yanasaidia. Ile ya duka la dawa ya kupaka ngozini usitie kwenye chakula kama haikuandikwa kuwa inalika.

Ufa ukitokea tayari imevaa, chovya kidole kwenye mafuta hayo hayo, sugua kwa mizunguko midogo wakati bado laini. Ule wa kijuujuu unaondoka kabisa. Na zimeni feni wakati wa kuvalisha! Feni ni ya baadaye.

Baba wa Buzuruga

Habari zenu. Mimi si fundi, ni mzazi. Binti yangu aliomba keki yenye sura ya paka, nikaamua nimfanyie mwenyewe nyumbani. Fondanti ya dukani, pakiti ya kilo moja.

Iliyonisumbua ni vipimo. Kila nikisukuma naona imetosha, nikiiweka inaishia katikati ya ubavu. Dada mmoja wa dukani akanipa hesabu: upana wa keki, jumlisha urefu wa kwenda juu mara mbili, ongeza kidogo cha kushikia. Keki yangu ilikuwa sentimita 20 kwa upana na 10 kwenda juu. Kwa hiyo 20 na 10 na 10 ni 40, nikaongeza 5. Nikachora duara la sentimita 45 kwenye karatasi, nikaliweka mezani, nikasukuma mpaka likajaa. Unene milimita 3 au 4. Ikiwa nyembamba kuliko hapo inachanika kwenye ukingo wa juu, na kila kibonyeo cha chini kinaonekana.

Kuinyanyua nilitumia mti wa kusukumia chapati: unaizungusha juu yake halafu unaikunjulia kwenye keki kuanzia upande mmoja. Pembeni ikajikunja kama pazia. Hapo usiibane mikunjo, inaganda ikiwa na mstari. Shika ncha ya chini, ivute nje kidogo mkunjo ufunguke, ndipo uibembeleze kwa kiganja kutoka juu kwenda chini.

Swali langu: puto moja lilitokea juu ya kichwa cha paka, saa chache baada ya kumaliza. Nilitoboa likashuka, likarudi. Kwa nini?

Mama wa Nyegezi

Baba, hongera sana, binti atakumbuka hiyo keki.

Puto ni hewa iliyofungiwa. Kama keki ilikuwa baridi wakati wa kuvalisha, ikipata joto la chumba hewa ya ndani inatanuka, inatafuta pa kutokea, inakutana na fondanti. Ndiyo maana linarudi: umetoa ya kwanza, ndani bado kuna inayotanuka. Toboa kwa pini safi yenye kichwa cha rangi, usije ukaipoteza ndani ya keki ya watoto. Iingize kwa mshazari, usiichomeke wima, halafu sukuma hewa kwa kiganja kuelekea kwenye tundu na uache tundu wazi mpaka keki itulie. Ukiliziba mapema litavimba pengine.

Kwa keki ijayo, iache ipate joto la chumba kwanza, halafu pitisha brashi yenye unyevu kidogo tu juu ya ganashi ili fondanti ishike kila mahali. Nasema unyevu. Ikilowa, itateleza.

Binti wa Nansio

Huku Ukerewe fondanti ya pakiti ni ya kuagiza mjini, kwa hiyo natengeneza ya mashimelo, zile peremende laini kama sponji. Gramu 450 za mashimelo, vijiko viwili vikubwa vya maji, nayeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, naingiza sukari ya aisingi kidogokidogo mpaka inakaribia gramu 900, nakanda mikono ikiwa na mafuta. Naifunga nailoni ya chakula, inalala usiku. Bila kulala inachanika. Siku za mvua inalegea, naikandia unga wa CMC (ule wa kukazia fondanti) nusu kijiko cha chai, inasimama.

Wateja Waislamu waambieni mapema: mashimelo yana jelatini, na jelatini inatokana na wanyama. Tafuteni iliyoandikwa halali, hata kama itachelewa kufika.

Lingine ambalo nyie wa mjini pengine hamlioni sana: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa wingu na kufuata taa usiku. Wakitua kwenye fondanti mbichi hawatoki. Usiku wao wakiwa wengi sivalishi keki kabisa, naanza alfajiri. Na keki ikisafiri kwa meli huwa naiweka sakafuni kwenye boksi lililokaza, mbali na injini na jua. Wanasesere na maua yanasafiri kwenye kopo lao, nayabandika nikifika.

Fundi Keki wa Kirumba

Umenigusa kwenye usafiri. Keki za Sengerema zilikuwa zinaniumiza kichwa kwa sababu ya foleni ya kivuko pale Kigongo: gari limesimama juani na keki ndani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 19, 2025 ni kuvuka tu. Bado nasafiri asubuhi, na keki inakaa sakafuni kwenye gari, haikai kwenye siti. Siti ina mteremko, na keki ya orofa mbili ikiinama kwa saa nzima fondanti inachanika upande wa juu hata kama ulivalisha kwa ustadi.

Dada wa Pasiansi

Mimi ni rangi. Watoto wa hapa ni Simba au Yanga, hakuna wa katikati, kwa hiyo nyekundu naitengeneza sana. Rangi ya maji haifai, kabla hujafika kwenye nyekundu fondanti imeshakuwa uji. Tumia ya jeli, na itengeneze siku moja kabla, kwa sababu rangi inakolea yenyewe ikilala. Ukiikolezea hapo hapo, kesho yake imekuwa nzito kupita kiasi, inanata na ina uchungu. Nyeusi anzia kwenye kahawia iliyotiwa kakao, utatumia rangi kidogo sana.

Nyekundu juu ya nyeupe ibandikwe mwisho kabisa, karibu na muda wa sherehe. Jasho likija, nyekundu ndiyo ya kwanza kukimbia.

Vumbi la aisingi likibaki juu ya nyeusi, nafuta kwa brashi yenye Konyagi kidogo. Pombe inakauka haraka kuliko maji, haiachi alama.

Mama wa Mabatini

Dada yangu, kwangu hiyo haiingii jikoni, na keki zangu nyingi ni za nyumba za Kiislamu. Nachemsha birika, naipitisha keki mbele ya mvuke kwa mbali na kwa haraka, vumbi linayeyuka na fondanti inang'aa. Mahali padogo natumia mafuta kwenye ncha ya kidole. Ni vizuri mteja akajua kilichopakwa kwenye keki yake, hata kama kimekauka.

Dada wa Pasiansi

Ni kweli mama, nimekuelewa. Kuanzia sasa nitakuwa nauliza kwanza.

Baba wa Buzuruga

Asanteni wote. La mwisho: nimebaki na karibu robo kilo. Nyeupe na ya pinki. Mke wangu anasema friji, mimi naogopa lile jasho.

Mama wa Igoma

Usiweke friji. Ipake mafuta nje, ifunge nailoni mara mbili bila kuacha hewa, tia kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, weka kabatini pasipo na jua. Ya dukani inakaa mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Pinki itengeni na nyeupe, na hasa isikae dirishani, jua linaipausha. Siku ya kuitumia ikande mpaka ipate joto la mkono kabla hujaisukuma.