Pampu ya kijiji ikiungua nani alipe: CBWSO, RUWASA au Mfuko wa Maji?

Mleta mada:
Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliwatoa wahandisi wa maji wa wilaya kwenye halmashauri, ikawaweka chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini Tanzania. Wakala unasanifu, unachimba na kujenga, kisha mradi unakabidhiwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO), kijiendeshe kwa mauzo. Mfuko wa Taifa wa Maji nao unapata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Napendekeza sehemu ya tozo hiyo itengwe kisheria kwa matengenezo makubwa tu. Bila hivyo, kishawishi ni kuimalizia kwenye miradi mipya, huku ya zamani ikisimama.

Fundi mitambo:
Napinga, mkuu. Pampu nyingi za visima virefu haziungui kwa uzee. Umeme wa fezi tatu ukipoteza fezi moja, mota inaendelea kuvuta kwa mbili zilizobaki, koili zinapata moto hadi zinaungua. Au kina cha maji kinashuka, pampu inazunguka kavu. Rilei ya fezi, inayozima mota fezi ikipotea, na sensa ya kina, inayoizima maji yakishuka, vinazuia yote mawili, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mota. Tatizo linaanza pale paneli ya kuendeshea pampu inapojizima kila mara: mtu anairuka rilei kwa waya ili maji yatoke leo. Mota inafuata baada ya muda mfupi. Serikali ikiahidi kulipa kila mota, nani atahangaika na rilei?

Mhasibu:
Ndugu fundi, hilo la rilei ni kweli, lakini tazama hesabu. Sera ya maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Kwa kipimo hicho, kijiji cha watu 3,000 kinasanifiwa kwa lita 75,000 kwa siku. Mauzo hayafiki huko. Maji ya kufulia watu wanachota mtoni, na masika wanakinga ya mvua.

Chukua mfano wa lita 30,000 zilizouzwa, ndoo ya lita 20 kwa shilingi 20. Hiyo ni shilingi 30,000 kwa siku. Kuyapandisha mita 100, kwa mtambo wenye ufanisi wa asilimia 50, kunakula uniti 16 hivi za umeme, au kwa jenereta kama lita 6 za dizeli. Dizeli ikiwa 3,000, tayari 18,000 imekwenda. Inabaki 12,000, sawa na 360,000 kwa mwezi, ya kulipa fundi, mhasibu, wauza maji, klorini, koki na valvu. Akiba ya mota inatoka wapi? Na dizeli hiyohiyo imeshachangia mfuko shilingi 300 kwa siku, zaidi ya laki moja kwa mwaka. Kijiji hiki kinadai haki yake, hakiombi hisani.

Sola inafuta dizeli, lakini inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uendeshe pampu, ikifa inataka fedha nyingi kwa mkupuo.

Mwanasheria:
Kinachonisumbua ni nani atakayeidhinisha malipo. Mijini mamlaka ya maji inajenga na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inadhibiti. Vijijini RUWASA anajenga, kisha ndiye anayevisajili na kuvisimamia vyombo vya CBWSO. Meneja wake wa wilaya hawajibiki tena kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa hiyo diwani amepoteza mtu wa kumbana. Kisima kikipewa pampu kubwa kuliko uwezo wake kitakauka kila mchana, na kosa hilo si la kijiji. Taarifa ya jaribio la usukumaji maji, inayoonyesha kina kilishuka kiasi gani kwa saa, ikabidhiwe kwa CBWSO pamoja na michoro ya mabomba. Bila karatasi hizo huwezi kuthibitisha kosa ni la usanifu au la uendeshaji.

Mleta mada:
Nakubali, narekebisha pendekezo. Kosa la usanifu lilipwe lote na mfuko. La uendeshaji, CBWSO ichangie, na malipo yasitoke kabla rilei na sensa hazijafungwa na kukaguliwa na mhandisi asiyehusika na ujenzi wa mradi huo.

Fundi mitambo:
Kwa sharti hilo naunga mkono. Ila ile hoja ya wabunge ya kupandisha tozo ifike shilingi 100 isubiri hadi fungu la matengenezo liwe limeandikwa ndani ya sheria.