Yule wa "dakika 57" Mwanza–Dar leo amenifikisha mwisho

Nanga_ya_Ziwa: Wakuu, simtaji, mnamjua. Leo kuna dada kauliza Mwanza–Dar kwa ndege ni muda gani, yeye kamjibu: "Kilomita 850 gawanya kwa 900, dakika 57, kata tiketi." Dakika 57! Hata risasi ingeomba kuongezewa muda.

Hizo 850 ni mstari mnyoofu, uwanja kwa uwanja. Na 900 ni kilomita kwa saa, mwendo wa jeti ikishatulia juu. Kutoka maegeshoni hadi kichwa cha barabara ya kurukia ni kama dakika 10. Wakati wa kupanda bado haijafikia mwendo wake. Ikiwa futi 30,000 inaanza kushuka zikibaki maili za baharini kama 90, yaani kilomita 167. Moja ya tano ya safari ni kushuka tu! Ndiyo maana ratiba ya jeti inakuja karibu saa moja na nusu. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 inakwenda kilomita 500 na kitu kwa saa, hapo usiguse kabisa hesabu yake. Dakika 57!

Na dada ana tiketi nyingine tofauti ya kwenda nje. Ashuke Teminali 2, asubiri begi, atafute gari hadi Teminali 3, na kaunta kwa kawaida inafungwa saa moja kabla ya kuruka. Yule jamaa alivyosahihishwa akajibu, "Nyie kapandeni basi." Dakika 57, halafu tukapande basi!

Chungwa_la_Muheza: Mkuu, povu lote hili kwa dakika 33? Kunywa maji.

Nanga_ya_Ziwa: Ndani ya hizo 33 ndipo kaunta inafungwa!

Mama_Wawili: Afadhali huyo wa 57. Kero ni wanaosoma 00:30 tarehe 15, wanakuja uwanjani usiku wa tarehe 15. Ni saa sita na nusu usiku wa KUAMKIA tarehe 15! Safari ya nje, uwe pale tarehe 14 saa tatu na nusu usiku.

Kagera_Sugu: Na wa Kigali je? Tiketi inasema kutoka Dar 10:00, kufika 10:50, wanatangaza dakika 50. Rwanda wako nyuma saa moja, jamani. Ongeza 60.

Nanga_ya_Ziwa: Turudi kwenye dakika 57.

Shangazi_Zenj: Dar–Unguja kilomita 73, hewani dakika 20, na bado mtu analeta sanduku gumu la kilo 23 kwenye Caravan, kindege kidogo. Mara nyingi mwisho kilo 15, begi laini.

Chungwa_la_Muheza: Shangazi, kilo 15 pamoja na mkoba wa mkononi?

Shangazi_Zenj: Mara nyingi vyote pamoja, mwanangu. Soma tiketi yako. Ukizidisha, panda boti.

Mama_Wawili: Boti kipindi cha kusi? Beba mfuko wa kutapikia.