Machifu wafutwe kisa ugomvi wa urithi? Mi nakataa, tizameni Dagbon

Wakuu, kila ikitajwa migogoro ya machifu Ghana lazima mtu aseme wafutwe tu kama Tanganyika tulivyofanya 1963, yaishe. Mi sikubali hata kidogo.

Chukueni Wadagomba wa Dagbon, ufalme wao ulioko kaskazini ya Ghana. Mfalme wao ni Ya-Na, yuko Yendi, na hakalii kiti kama wa kusini, anakalia ngozi za wanyama. Koo mbili, Abudu na Andani, baba yao mmoja, zinapokezana ngozi, na hutoki tu huko ukawa Ya-Na, lazima kwanza uwe chifu wa Savelugu, Karaga au Mion. Hapo kasoro iko wapi?

Kasoro ni serikali kutia mkono. 1969 Mahamadu wa Abudu akakalishwa ngozini huku watu wameshapigwa risasi pale ikulu ya Ya-Na, inaitwa Gbewaa, 1974 wanajeshi wakamtoa wakamweka Yakubu Andani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, 1986 Andani wakashinda, halafu vyama vikubwa viwili vya siasa navyo vikajiingiza, watu wakawa wanasema NPP ya Abudu, NDC ya Andani, na katiba yenyewe inamkataza chifu siasa za vyama! Machi 2002 Ya-Na Yakubu Andani II akauawa pamoja na makumi ya watu wake. Walioshtakiwa, 2011 koti likawaachia.

Sasa hiki ndo watu wa nje hawakielewi. Mahamadu alikufa 1988 lakini matanga yake ya kifalme hayakufanyika, maana Abudu wanataka yafanyike ikulu, Andani wanasema huyo alishavuliwa, si Ya-Na, mkimfanyia pale mmemkubali. Miaka 30 marehemu anasubiri matanga! Mgogoro wote umekaa hapo, na hakuna hukumu ya jaji inayoweza kufungua hilo fundo.

Waliolifungua ni machifu wenzao: Asantehene mfalme wa Waasante, Nayiri wa Wamamprusi na Yagbonwura wa Wagonja. Novemba 2018 wakasema Abudu wafanye matanga ya Mahamadu Desemba, Andani wafanye ya Yakubu Januari, yote palepale ikulu, ndo achaguliwe mpya. Januari 2019 akakalishwa Ya-Na Abukari Mahama II, wa ukoo wa Andani, na warithi waliokuwa wanashindana wakapewa mmoja Savelugu mwingine Mion, yaani wote wawili wakawekwa mlangoni pa ngozi, kila mmoja ana cha kusubiri.

Najua mtasema ilichukua miaka 17, ni kweli, na waliokufa hawarudi, hilo linaniuma. Ila we unayetaka wafutwe nijibu hili: koti lilishatoa hukumu miaka 16 kabla ya yale mauaji, sasa bila machifu hao watatu nani angewakalisha Abudu na Andani kwenye mkeka mmoja?