Ngege wa kweli bado yuko ama tumebaki na jina tu?

mjukuu_wa_uyoma
Wadau habari za jioni. Juzi nimepitia Dunga, ufuo wa wavuvi Kisumu, nikanunua samaki wawili wabichi, nikapelekea dani yangu, yaani nyanya, huko Uyoma nikamwambia dani leo nimekuletea ngege, yaani sato. Akamshika mmoja mkia, akamgeuza geuza pale kwa mlango penye mwanga, akasema huyu si ngege, huyu ni nyamami, ngege mimi nilimla nikiwa msichana, na samaki anaitwa ningu pia, nyinyi hamkuwajua. Alikula kidogo tu akaacha na hiyo ndio imenisumbua. Sasa nauliza wenye wanajua Ziwa Victoria, kuna ngege mwingine sisi hatujawahi kuona? Na kama aliisha, aliisha aje?

mama_samaki
Dani anasema ukweli kijana wangu. Mimi nauza samaki mwaka wa 19 huu, sokoni tunaita wote ngege kwa sababu mteja anajua hilo jina. Lakini fungua mkia na vidole hivi uwe kama upepeo, ukiona mistari myembamba imesimama imepangana hadi mwisho wa mkia, huyo ni nyamami. Ngege mwenyewe hana hiyo mistari. Mama mkwe ndiye alinionyesha, tena kwa nyamami, kwa sababu ngege hatukuwa naye hapo mezani wa kulinganisha.

ticha_wa_bayo
Ngege ndiye alikuwa samaki wa pesa huku kwetu zamani. Nyavu za makila, zile za kunasa samaki kwa matamvua, zilifika ghuba ya Winam 1905, zikamvua sana mpaka akapungua, ikafika miaka ya 50 wakaleta nyamami kutoka nje kujaza pengo, na miaka hiyo ya 50 na 60 ndio mbuta, yaani sangara, pia akawekwa ziwani. Ningu yeye hupanda mito wakati wa mvua akatage, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, watu wakatega pale mto unaingilia ziwani, yaani anashikwa kabla hajazaa.

Lakini mimi hulilia fulu zaidi. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za hao samaki wadogo, kuna wa kula mwani, kuna wa kula wadudu, kuna wa kuvunja konokono, na konokono wengine ndio hubeba kichocho kinachosumbua watoto wetu wakiogelea. Jike wa fulu hutaga mayai machache anayabeba mdomoni, sasa mbuta akimmeza ameenda na watoto wote. Miaka ya 80 mbuta alijaa ghafla, na inakadiriwa kama aina 200 zilipotea. Waliobaki nao, jike huchagua dume kwa rangi, maji yakijaa tope na mwani haoni vizuri, aina zinachanganyika zinakuwa kitu kimoja.

omosh_wa_beach
Ticha nakusikia lakini mbuta ndiye alinilipia karo kutoka darasa la kwanza hadi fomu foo, baba hakuwa na shamba. Siwezi kumwita adui.

ticha_wa_bayo
Na hakuna mtu anakuambia umwite adui ndugu yangu. Ila hata mbuta mwenyewe, fulu walipoisha alihamia omena (dagaa), uduvi na watoto wake mwenyewe. Ukimaliza chakula chake umemmaliza na yeye.

jirani_wa_yala
@mjukuu_wa_uyoma ngege yuko! Sisi huku Siaya tuko na Ziwa Kanyaboli, dogo tu, kama kilomita 10 za mraba, na ndani kuna ngege yule wa dani yako pamoja na fulu ambao ziwani kwenu ni shida kuwaona. Kilichowaokoa ni mafunjo, haya matogo tunakata ya kusuka mikeka. Maji ya katikati ya mafunjo hayana hewa ya kutosha, mbuta hawezi kupita, fulu wanavumilia. Ndio maana nikiona moshi watu wamechoma kinamasi wapande mahindi roho inaniuma kabisa, hiyo ni fensi yetu inachomwa, na nzohe, wale swala wa kinamasi, wanalala humo humo. Kitu ingine, tafadhali, mtu asitoe vifaranga vya nyamami kwa kidimbwi chake aje kumwaga huku ati anatusaidia. Nyamami anazaana na ngege, baada ya muda unabaki na machotara, ngege ameenda na hakuna mtu aliona akienda.

mjukuu_wa_uyoma
Aki asanteni. Nimesoma hii yote kwa sauti dani akisikiliza nikimtafsiria, nilipofika kwa Kanyaboli akaniambia nirudie hapo. Jirani nikija Jumamosi naweza kupata mmoja tu nimletee?

jirani_wa_yala
Karibu sana, fika mapema saa moja asubuhi wavuvi wakirudi. Lakini tutaangalia mdomo kwanza, kama ni jike na amebeba mayai huyo tunarudisha majini, tungoje mwingine.

mama_samaki
Na umwonyeshe dani mkia kabla hujapika.